Saa ya Shaba ya Paris: Nani Hasa Aliyeitengeneza?

Mtu akikuonyesha saa ya ukutani ya Kifaransa ya katikati ya karne ya 18, ile ya shaba iliyopakwa dhahabu, yenye majani yaliyojikunja, makombe ya baharini na mtoto mwenye mabawa aliyekaa kileleni, macho hutafuta jina kwanza. Na jina lipo. Liko kwenye uso mweupe wa saa, Julien Le Roy, au Baillon, au Voisin, likifuatwa na maneno "à Paris". Wengi huishia hapo. Husema hii ni saa ya Le Roy, basi Le Roy ndiye aliyeitengeneza.

Julien Le Roy alistahili sifa zake. Alifuzu ufundi saa Paris mwaka 1713, akateuliwa kuwa fundi saa wa Mfalme Louis XV mwaka 1739, na jina lake likapata thamani kubwa kiasi kwamba wengine waliliandika kwenye saa ambazo yeye hakuwahi kuzitia machoni. Lakini yale majani, yale makombe na yule mtoto havikutoka mikononi mwake. Sheria za mji hazikumruhusu kusubu shaba, yaani kuiyeyusha na kuimimina kwenye umbo, wala kuipaka dhahabu. Kazi yake ilikuwa mashine iliyo ndani. Kwa hiyo ukiuliza nani aliyeitengeneza saa unayoitazama, umeuliza swali lenye majibu sita au saba, na wengi wa wahusika hao hawakuacha jina popote.

Ili kuelewa kwa nini, lazima tuingie kidogo kwenye sheria za kazi za Paris kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Kila kazi ya mikono ilikuwa na chama chake, na kila chama kililinda mpaka wake kama mkulima anavyolinda shamba. Mafundi saa walikuwa na chama chao tangu mwaka 1544, enzi za Mfalme François I. Waliosubu shaba walikuwa na chao. Waliopaka dhahabu juu ya shaba walikuwa na chao tena, tofauti kabisa na cha wasubu. Mabaraza ya vyama hivyo yalikuwa na haki ya kuingia karakana ya mtu, kukagua, na kuchukua kazi yoyote waliyoona imefanywa na asiyehusika. Kijana alijifunza kwa miaka mingi chini ya fundi mkuu, akalipa ada, akafanya kazi ya majaribio mbele ya wakubwa wa chama, ndipo akaitwa fundi kamili. Fundi kamili wa kazi moja tu.

Saa moja ya ukutani, kwa hiyo, ilisafiri. Ilianzia kwa mchongaji aliyetengeneza umbo la mfano kwa nta, udongo au mti. Ikaenda kwa msubu, ambaye alikandamiza mfano huo ndani ya mchanga wenye unyevu ili kupata kalibu, kisha akamimina shaba iliyoyeyuka. Ganda la saa, yaani lile umbo la nje la shaba, halitoki kwenye kalibu likiwa kipande kimoja. Hutoka vipande vipande: bawa hapa, tawi pale, mtoto peke yake, na vyote huunganishwa kwa skrubu kutoka nyuma. Na vipande hivyo vikitoka kwenye mchanga havipendezi kabisa. Vina chunusi, vina mishono, uso wake ni mkavu kama ganda la embe lililokaa juani.

Hapo ndipo huingia fundi wa patasi, na kwa maoni yangu ndiye anayefanya saa nzuri iwe nzuri. Kwa patasi ndogo, nyundo na tupa, hupitia kila jani na kuchora mishipa yake, hupitia nywele za mtoto moja moja, hutoboa vidoti vidogo vidogo kwenye sehemu zinazotakiwa zisimeremete sana, na kulainisha zile zitakazong'aa. Weka karibu saa mbili zilizotoka kwenye mfano uleule, moja iliyopitiwa na fundi mwenye subira na nyingine iliyoharakishwa, utaona tofauti hata ukiwa hatua tatu mbali. Kwenye ile ya kwanza jani lina upande wa juu na upande wa chini. Kwenye ya pili jani ni donge tu lenye umbo la jani.

Kuhusu umbo lenyewe, mtindo huo ndio unaoitwa rokoko. Neno hilo limetokana na neno la Kifaransa linalotaja mawe na makombe yaliyopambia mapango ya kutengenezwa katika bustani za matajiri. Alama yake kubwa ni kwamba upande wa kulia haufanani na wa kushoto. Saa inaelemea, inajipinda, kama mmea unaotafuta mwanga. Aliyesukuma mtindo huo mbali zaidi ni mbunifu Juste-Aurèle Meissonnier, mzaliwa wa Turin aliyefanya kazi Paris na kufariki mwaka 1750. Si wote waliupenda. Mwaka 1754 mchoraji Charles-Nicolas Cochin alichapisha katika gazeti la Mercure de France ombi kwa masonara na mafundi wenzao, akiwasihi waache kupindapinda vitu ambavyo kwa asili vimenyooka. Ombi lake lilishinda polepole, na kufikia miaka ya 1760 mitindo ya Ugiriki ya kale ilikuwa imeanza kuisukuma rokoko kando. Ndiyo maana saa hizi zina kipindi kifupi: miaka thelathini na kitu, kisha basi.

Baada ya patasi, shaba ilikwenda kwa mpaka dhahabu. Hapa nataka tusimame, kwa sababu hii ndiyo hatua ambayo watu huisifu zaidi kwa macho na kuifahamu kidogo zaidi.

Dhahabu ya saa hizi si ya rangi, wala si karatasi za dhahabu zilizobandikwa kwa gundi kama kwenye fremu za picha. Fundi alichukua dhahabu safi iliyofuliwa nyembamba, akaikatakata, akaitia kwenye chungu cha moto pamoja na zebaki. Kipimo cha kawaida kilikuwa sehemu moja ya dhahabu kwa takriban sehemu nane za zebaki. Dhahabu huzama na kupotea ndani ya zebaki kama sukari kwenye chai ya moto, na kinachobaki ni ujiuji mzito wa rangi ya fedha, laini kama siagi. Ukiutazama huwezi kuamini kwamba ndani yake kuna dhahabu. Fundi aliuweka kwenye ngozi laini akaukamua ili zebaki ya ziada itoke. Shaba nayo ilisafishwa kwa tindikali, ikapitishwa kwenye maji yenye zebaki kidogo ili ipate ngozi ya kushika. Kisha akaupaka ule ujiuji kwa brashi ya nyaya za shaba, akijitahidi kuingia kila mkunjo wa jani.

Halafu moto. Kipande kiliwekwa juu ya makaa, kikageuzwa, kikapigwa brashi, kikarudishwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi na kuondoka ikiwa mvuke usioonekana. Dhahabu hubaki, imeng'ang'ania shaba, ikiwa na rangi ya njano iliyofifia. Mara nyingi kazi ilirudiwa mara ya pili na ya tatu. Mwisho, sehemu za kung'aa zilisuguliwa kwa jiwe la akiki mpaka zikawa kioo, na zile nyingine zikaachwa na ule utulivu wake. Mwanga wa mishumaa ukipita juu ya saa ya namna hii hukamata ukingo wa jani na kuacha tumbo lake kivulini. Ndiyo sababu iliyofanya watu watoe fedha nyingi.

Msomaji aliyewahi kufika kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita au Chunya kwa upande wa Tanzania, au Migori nchini Kenya, ameshautambua mchanganyiko huo. Ni uleule. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliosagwa ili dhahabu ikamatwe, hukamua kwenye kitambaa, kisha huchoma. Fundi wa Paris alitaka dhahabu ibaki juu ya shaba, mchimbaji anataka ibaki peke yake, lakini mvuke anaouvuta pumzini ni mmoja. Mafundi wa Paris walitetemeka mikono, mate yakawatoka, meno yakalegea, na wengi hawakufika uzeeni. Mfanyakazi wa shaba aliyeitwa Antoine-André Ravrio, aliyefariki mwaka 1814, alikuwa ameyaona hayo kwa miaka mingi katika kazi yake. Katika wosia wake aliacha faranga 3,000 apewe yeyote atakayegundua njia ya kuwakinga wapaka dhahabu. Tuzo hiyo ilitolewa mwaka 1818 kwa mkemia Jean-Pierre-Joseph d'Arcet, aliyebuni jiko lenye bomba la kuvuta hewa, hivi kwamba mvuke ulipanda juu na kutoka nje badala ya kumzunguka fundi usoni. Kwa mafundi waliopaka saa tunazozizungumzia, jiko hilo lilichelewa kwa zaidi ya nusu karne.

Wakati ganda linapakwa dhahabu, mashine ilikuwa ikitengenezwa kwingine. Saa ya ukutani ya aina hii haina sanduku refu la kuficha mawe mazito ya kuvuta, kwa hiyo huendeshwa kwa kamani, yaani utepe wa chuma uliozungushwa ambao hufunguka polepole. Kwa kawaida kamani ni mbili, na ndiyo maana usoni utaona matundu mawili ya ufunguo: moja la kuendesha akrabu, jingine la kugonga kengele. Hutiwa ufunguo, ikatembea siku nane au zaidi kidogo. Nyuma huning'inia penduli fupi, mara nyingi kwa uzi wa hariri. Nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya chumba cha kulala na zilikuwa na kamba pembeni. Usiku wa giza, pasipo haja ya kuwasha mshumaa, mwenye nyumba alinyoosha mkono akavuta kamba, na kengele ikamgongea saa iliyopita.

Uso pia una fundi wake. Ni bamba la shaba lililofunikwa enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa mpaka ukayeyuka na kuganda. Mwanzoni mwa karne, bamba kubwa la enameli lilipasuka au kupinda tanuruni, kwa hiyo mafundi walitengeneza vibamba vidogo kumi na viwili, kila kimoja na namba yake, wakavipanga kuzunguka kibamba cha kati. Baadaye wataalamu kama Antoine-Nicolas Martinière waliweza kuchoma uso mzima kipande kimoja. Ukiikuta saa yenye uso wa vipande kumi na vitatu, hiyo ni dalili moja ya umri. Masaa yameandikwa kwa namba za Kirumi, na ya nne huandikwa kwa vijiti vinne, IIII. Dakika ziko nje kwa namba za kawaida. Sisi tunaohesabu saa tangu alfajiri tutaona akrabu fupi kwenye VIII na kusema saa mbili, na saa haitakuwa imekosea.

Baada ya safari hii yote, jina lililopata nafasi usoni ni la fundi saa. Yeye ndiye aliyeunganisha mashine na ganda, yeye ndiye aliyeuza, au aliyempa mfanyabiashara auze. Wafanyabiashara hao walikuwa na uzito wao. Lazare Duvaux, aliyemuuzia vitu vya thamani Madame de Pompadour, kipenzi cha Mfalme Louis XV, aliacha daftari la mauzo la mwaka 1748 hadi 1758, na humo mtu huona jinsi vitu vya mafundi wengi vilivyokutana dukani mwake na kutoka vikiwa kitu kimoja.

Wasubu wachache walipata ujasiri wa kuandika majina yao kwenye shaba. Jacques Caffieri alikuwa mmoja. Kwenye mapambo ya kabati la droo lililopelekwa chumbani kwa Louis XV katika kasri la Versailles mwaka 1739, ambalo sasa liko katika jumba la makumbusho la Wallace Collection jijini London, ameandika kwamba kazi ni ya Caffieri. Yeye na mwanawe Philippe ndio waliotengeneza ganda la ile saa kubwa ya kinajimu iliyobuniwa na Claude-Siméon Passemant, iliyowekwa Versailles mwaka 1754, ambayo imepangwa kuonyesha tarehe mpaka mwaka 9999. Mwingine ni Jean-Joseph de Saint-Germain, aliyefuzu usubu mwaka 1748. Mwaka 1749 kifaru wa India aliyeitwa Clara alionyeshwa Paris na mji mzima ukaenda kumtazama, na Saint-Germain ni miongoni mwa waliotengeneza saa za mezani zilizobebwa mgongoni na kifaru wa shaba. Cha kuzingatia ni kwamba aliwauzia mafundi saa mbalimbali maganda ya umbo lilelile. Kwa hiyo utakuta vifaru wawili mapacha, na usoni majina mawili tofauti. Anayefuata jina la usoni atadhani ni kazi za watu wawili.

Kwenye baadhi ya shaba za wakati huo kuna alama ndogo sana, herufi C yenye taji juu yake, pengine haizidi punje ya mchele. Kwa muda mrefu watu waliifikiria kuwa saini ya Caffieri, au ya Charles Cressent, fundi tutakayekutana naye hapa chini, kwa kuwa majina yote mawili yanaanza na C. Kumbe ni alama ya kodi. Kati ya Machi 1745 na Februari 1749 serikali ilitoza kodi vitu vyote vyenye shaba nyekundu ndani yake, na C hiyo ni herufi ya kwanza ya jina la Kifaransa la madini hayo. Humwambia mtazamaji kwamba kitu kiliuzwa katika miaka hiyo minne, hata kama kilitengenezwa zamani zaidi. Juu ya nani alikitengeneza, C haisemi lolote.

Ni vizuri pia kujua kwamba saa nyingi za sura hii si za karne ya 18 hata kidogo. Katika karne ya 19 matajiri walirudia kupenda mitindo ya Louis XV, na karakana za Paris zikatoa nakala kwa wingi. Kuanzia miaka ya 1840 dhahabu iliweza kuchovywa kwa umeme. Anayetaka kujua hutazama nyuma. Dhahabu ya zebaki ilikuwa ghali na ya hatari, kwa hiyo fundi hakuipoteza mahali pasipoonekana, na mgongo wa ganda la zamani kwa kawaida ni shaba tupu yenye madoa ya dhahabu pembezoni. Dhahabu ya umeme hufunika kote kwa usawa, mbele na nyuma. Hata ganda likiwa la kweli, mashine ya ndani huenda ilibadilishwa na ya baadaye. Matundu ya skrubu yasiyo na kazi nyuma ya ganda hueleza habari hiyo waziwazi.

Yuko mtu mmoja aliyejaribu kuikata safari yote hiyo iwe fupi. Charles Cressent alizaliwa mwaka 1685, akafunzwa uchongaji wa sanamu, na mwaka 1719 akamwoa mjane wa seremala Joseph Poitou, hivyo akarithi karakana ya samani pamoja na mteja wake mkubwa, Mwanamfalme wa Orléans, aliyekuwa akiitawala Ufaransa kwa niaba ya Louis XV aliyekuwa bado mtoto. Cressent alikuwa na haki ya kutengeneza samani. Lakini mapambo ya shaba aliyachonga mwenyewe, akayasubu na kuyapaka dhahabu chini ya paa lake, macho yake yakiwa kwenye kila hatua. Manufaa yake ni rahisi kuyaona. Shaba zake zina uhai ambao kazi iliyopita mikono mingi iliyotengana mara nyingi hukosa. Mashavu ya watoto wake wa shaba yanaonekana kama yakibonyezwa yatabonyea. Wasubu na wapaka dhahabu walimshtaki zaidi ya mara moja, karakana yake ikakaguliwa, akatozwa faini, na bado aliendelea. Vyama vya wasubu na wapaka dhahabu viliunganishwa mwaka 1776. Cressent alikuwa amefariki miaka minane kabla.

Umbo la saa ya ukutani linalohusishwa naye zaidi huitwa Mapenzi Yaliyoshinda Wakati. Wakati ni mzee mwenye mabawa na ndevu, amelala chini ya uso wa saa, fyekeo lake halimsaidii tena. Juu kabisa yuko mtoto wa mapenzi, mwepesi, kana kwamba ametua sasa hivi. Kati yao akrabu zinazunguka. Ni saa inayopima kitu ambacho pambo lake lenyewe linadai kimekwisha shindwa, na kila ninapoitazama picha yake macho yangu hurudi kwenye mkono wa yule mzee.

Cressent hakupiga muhuri kwenye kazi zake. Kinachotuwezesha kumtambua leo ni orodha za minada. Mara tatu, mwaka 1749, 1757 na 1765, aliweka mali yake mnadani, samani, shaba na picha, na maelezo ya orodha hizo yaliandikwa kwa jicho la mtu anayekijua kila kitu kwa ndani, likiwemo umbo la mapambo na namna yalivyokaa. Watafiti wameyachukua maelezo hayo na kuyalinganisha na vitu vilivyobaki duniani, mstari kwa mstari. Saa moja ya ukutani inayohusishwa naye iko katika jumba la makumbusho la J. Paul Getty, Los Angeles. Jina la fundi wa mashine yake, Jean-Jacques Fiéffé, limetajwa moja kwa moja. La Cressent limetanguliwa na neno linaloeleza kwamba ganda inadhaniwa ni lake. La mtu aliyeinama juu ya makaa na chungu cha zebaki halimo.